Kazi Mradi na Uwasilishaji Darasani: Tumsaidieje Mtoto wa Mwakitolyo?

Orodha za mahitaji ya shule zinazofika kwenye meza za kamati za parokia hufanana: sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula. Ni mahitaji ya kweli na hatuna nia ya kuyapuuza. Katika toleo hili, hata hivyo, tungependa kuwaelekeza wanakamati na wafadhili wetu kwenye jambo ambalo ni nadra kuandikwa katika orodha hizo. Nalo ni kazi mradi, yaani ile kazi ambayo mwanafunzi hupewa wiki kadhaa achunguze au atengeneze kitu, kisha asimame mbele ya wenzake akieleze. Wapo watoto wenye akili nzuri kabisa wanaopotezea alama zao hapo. Na ni hapo hapo ambapo mzazi, katekista au mjumbe wa kamati asiyejua fizikia hata kidogo anaweza kuwa msaada mkubwa.

Kazi ya namna hii si ngeni nchini kwetu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ifungamane na maisha ya watu wanaoizunguka. Azimio la Musoma la 1974 likasisitiza kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, bali kazi ya mwanafunzi ya muda wote nayo ihesabiwe. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ulielekezwa kwenye ujuzi badala ya kukariri, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unakaza mwendo huo huo. Kwa maneno mengine, mtoto anayeingia darasa la kwanza sasa atakutana na kazi mradi nyingi kuliko alizofanya mama yake.

Mwakitolyo ni kata iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, na jina lake linajulikana mbali kwa sababu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mtoto anayekulia hapa husikia habari za maduara, makarasha na mialo tangu akiwa mgongoni. Habari ya dhahabu mpya ikienea, watu huhama na familia zao, na dawati hubaki wazi bila barua wala taarifa. Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya ajira ya watoto na zebaki katika machimbo madogo ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi zenye madhara, na uchimbaji wa madini umo ndani yake. Sheria ipo, lakini fedha ya leo jioni ina nguvu kuliko cheti cha miaka minne ijayo, na kila mzazi wa huku anajua hivyo.

Tunataja hayo kwa sababu kazi mradi inaweza kuwa kamba moja ya kumshikilia mtoto shuleni. Mtoto mwenye swali ambalo jibu lake litapatikana wiki ijayo ana sababu ya kurudi wiki ijayo.

Mwanzo ni swali

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuanza na karatasi ya manila. Kikundi kinanunua manila, kinanunua makapeni, kinanakili kurasa mbili za kitabu kwa mwandiko mzuri, na siku ya kuwasilisha msomaji mmoja anasimama akiwa amelipa darasa mgongo. Kichwa cha kazi kinakuwa “Mazingira” au “Maji”. Hakuna kilichoulizwa, na kwa hiyo hakuna kilichojibiwa.

Mtanzania aliyetuonyesha njia nyingine alikuwa kijana wa kidato cha tatu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa akisoma Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa ya kugombea, na Mpemba akaingiza mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto. Baada ya saa moja na nusu hivi alikuta wa kwake umeganda, na wa mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa bado haujaganda. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa.

Hakuliacha swali. Aliuliza wauza aiskrimu wa mjini Tanga, nao wakamwambia wanatumia mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena na kuchekwa tena, akajaribu mwenyewe kwa vyombo vya maabara. Kisha mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, akaja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama mbele ya shule nzima na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji kiasi kile kile, kimoja nyuzijoto 35 na kingine nyuzijoto 100, ukaviweka kwenye jokofu, kwa nini cha 100 kinaganda kwanza? Wenzake waliona amewaaibisha. Osborne hakumcheka, aliahidi kwenda kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wanasayansi bado wanabishana: wengine wamerudia vipimo na hawakuona tofauti aliyoiona yeye. Hilo halimpunguzii kitu. Swali linalowafanya wakubwa warudie kupima kwa zaidi ya miaka 50 ni swali zuri.

Tazameni swali lenyewe lilivyokuwa. Lilitoka jikoni, si kitabuni. Lilitaja kiasi cha maji na nyuzijoto mbili. Mtu yeyote aliyelisikia aliweza kwenda kulijaribu. Hivyo ndivyo swali la kazi mradi linavyotakiwa kuwa, na mtoto akifika nalo nyumbani mzazi anaweza kulipima kwa kuuliza tu: “Sasa hapo mtapima nini, na kwa kitu gani?” Akikosa jibu, swali bado ni pana.

Maswali yaliyo miguuni petu

Shinyanga ni mkoa wa ukame wa mara kwa mara, kwa hiyo maji ni mahali pazuri pa kuanzia. Chukua chupa ya plastiki iliyonyooka, ikate juu, ile sehemu ya juu uigeuze iwe kama faneli, weka changarawe na maji kidogo chini mpaka pafike panaponyooka, kisha gundisha rula ubavuni, sifuri ikiwa usawa wa maji hayo. Hicho ni kipima mvua. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 lina mita za mraba 63. Kwa hiyo mvua moja ya milimita 10 huangusha juu yake lita 630. Tukikadiria kwamba moja ya tano inamwagika pembeni, zinabaki lita 504, yaani ndoo 25 za lita 20. Mwanafunzi aliyepima mvua ya miezi miwili na kuzidisha namna hii anaweza kusimama mbele ya kamati ya shule na kuwaambia bati lao linapoteza ndoo ngapi kwa kukosa mfereji. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita, na ni hoja ya maendeleo ambayo hata mfadhili angeisikiliza.

Swali la pili ni la ngitili. Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga eneo la malisho wakati wa mvua ili majani yatumike kiangazi. Mkoa ulipopoteza miti mingi kutokana na ufyekaji wa kupambana na mbung'o, upanuzi wa mashamba ya pamba na wingi wa mifugo, serikali ilianzisha mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao hadi ulipomalizika mwaka 2004 ulikuwa umezirudisha ngitili katika vijiji vingi. Je, eneo lililotengwa lina miche mingi ya miti kuliko lililo wazi? Wanafunzi wakate kamba ya mita 40, wafanye mraba wa mita 10 kwa 10, wahesabu miche katika miraba mitatu ndani ya ngitili na mitatu nje yake. Mraba mmoja hautoshi, maana unaweza kuangukia kwenye kichuguu. Babu anayejua majina ya mimea kwa Kisukuma awe nao; bila yeye kazi itaandikwa “mti aina ya kwanza, mti aina ya pili”.

Swali la tatu ni gumu zaidi, nalo ni zebaki. Mtoto mwenye macho atauliza tu juu ya kile kimiminika kinachong'aa kinachoshika dhahabu. Hapa msimamo wetu ni mkali. Asipewe zebaki aishike, asipelekwe mahali inapochomwa, asitumwe kuchukua marudio wala maji ya mabwawa ya sayanaidi kama sampuli, asiingie kwenye duara “kuangalia tu”, na asikae karibu na karasha, kwa sababu vumbi la mawe nalo huharibu mapafu. Mvuke wa zebaki hauonekani, na huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya watoto na ya mimba. Mwalimu akileta wazo la namna hiyo, kamati ina haki ya kukataa.

Lakini swali lenyewe linaweza kujibiwa bila kugusa chochote cha hatari. Wataalamu huwahimiza wachimbaji watumie retorti, chombo kilichofungwa ambacho hunasa mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa kimiminika badala ya kuuacha uingie puani. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357. Dhahabu haichemki hapo, hivyo hubaki. Mwanafunzi anaweza kuonyesha kanuni hiyo hiyo kwa maji ya chumvi. Maji yakichemka kwenye sufuria, mvuke unapanda na kugonga kifuniko cha baridi kilichoinamishwa, matone yanachuruzika kwenye kikombe. Yaonje matone: hayana chumvi. Chumvi imebaki chini, kama dhahabu inavyobaki. Moto ushikwe na mtu mzima. Wazazi wanaochimba wakiona jambo hilo likionyeshwa na mtoto wao kwa sufuria ya nyumbani, wanaelewa upesi. Ni lazima pia waambiwe, na mtoto huyo huyo, kwamba retorti hupunguza mvuke tu. Haiifanyi kazi ya machimbo iwe ya watoto.

Pale kikundi kinapotaka kuhoji watu, kwa mfano kuuliza kaya zinachota wapi maji ya kunywa, mwalimu ayapitie maswali kwanza na majina ya kaya yasiandikwe. Kijiji cha machimbo kina mambo yake ya leseni na mipaka, na si vema mtoto aonekane mpelelezi.

Daftari moja, na zamu za kweli

Vipimo viandikwe siku ile ile vilipochukuliwa, kwa kalamu ya wino, pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Kipimo kilichokosewa kikatwe kwa mstari mmoja, kisifutwe. Daftari hilo likae shuleni. Tunasema hivyo kwa sababu ya hali halisi ya Mwakitolyo: mwanakikundi mmoja akihama na wazazi wake kwenda machimbo mengine, asiondoke na kazi ya wenzake begani.

Katika vikundi kuna tabia moja inayotusikitisha. Msichana mwenye mwandiko mzuri hupewa kuandika bango, mvulana mwenye sauti hupewa kuwasilisha, na wengine watatu huandikwa majina. Kanuni iliyo rahisi ni kwamba aliyepima ndiye aeleze alivyopima. Mwalimu akitangaza mapema kuwa yeye ndiye atakayechagua msemaji siku ile ile, kila mmoja atajifunza kazi nzima.

Na kuna lile la mafagio. Ziko shule ambako kazi mradi ni kuleta ufagio, mwiko au kikapu, na usiku wa kuamkia siku ya kukusanya ni mama anayesuka huku mtoto amelala. Mama anapata alama nzuri. Mjini hali ni ile ile, ila huko kazi hununuliwa steshenari. Hatuwalaumu wazazi, maana wanaogopa mtoto asiadhibiwe. Lakini mtoto atakayesimama na kikapu asichokisuka hatakuwa na la kusema.

Kusimama na kusema

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Tatizo la kwanza ni lugha. Mtoto wa huku huanza na Kisukuma nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, na akifika kidato cha kwanza hutakiwa aeleze mambo kwa Kiingereza. Wengi hukariri maneno wasiyoyaelewa, na swali la kwanza likiulizwa wanakwama. Ushauri wetu ni kupanda ngazi moja moja. Amweleze bibi yake kwa Kisukuma kile alichokifanya. Bibi akielewa, aeleze kwa Kiswahili mbele ya jumuiya ndogondogo baada ya sala, kwa dakika tano tu. Ndipo aandae Kiingereza, kwa sentensi fupi tano: tuliuliza nini, tulipima namna gani, tulipata nini, nini kilitushangaza, tungefanya nini tena. Mtu aliyekwisha kulieleza jambo kwa lugha mbili halikariri tena, analijua.

Woga nao upo, ingawa tusiukuze. Huku ni nchi ya Bagalu na Bagika, ambako makundi ya ngoma hushindana kuvuta watazamaji, na watoto hutazama tangu wadogo jinsi mchezaji anavyoushika umati. Kinachokosekana ni mazoezi ya kusema mbele ya wakubwa. Mtoto aliyezoea kuambiwa anyamaze watu wazima wanapozungumza hawezi kubadilika asubuhi moja kwa sababu mwalimu amesema “wasilisha”. Apewe nafasi mapema: asome tangazo, atoe taarifa ya kikundi chake, ahesabu fedha za mchango kwa sauti.

Kuhusu bango, jaribio ni moja. Mtu akae dawati la mwisho. Asichoweza kukisoma kiandikwe upya au kiondolewe. Mchoro wa nguzo uliochorwa kwa rula husema zaidi ya aya tatu. Msemaji asimame pembeni ya bango, si mbele yake, aonyeshe kwa kijiti, na atazame watu. Akiulizwa asilolijua aseme bado hajalipima, kisha aeleze angelipima vipi. Jibu hilo lina heshima yake.

Kwa shule za sekondari lipo jukwaa la kitaifa. Mpango wa Wanasayansi Chipukizi Tanzania, unaojulikana kama YST, ulianzishwa mwaka 2011 na Dkt. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, na maonesho ya kwanza yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Ulifuata mfano wa maonesho ya Ireland yaliyoanza mwaka 1965 kwa juhudi za wahadhiri wawili wa fizikia, Padre Tom Burke na Dkt. Tony Scott. Katika maonesho kama hayo majaji hufika kwenye bango na kumhoji mwanafunzi ana kwa ana. Bango zuri peke yake halimvushi.

Kwa wanakamati na wafadhili

Vifaa vinavyohitajika kwa shule moja vinaenea kwenye sanduku: futi kamba, rula ndefu, kipimajoto, mizani ndogo, kamba, saa, madaftari magumu, manila na makapeni. Tungeomba mfadhili anayetaka kusaidia aanze na sanduku hilo kabla ya kompyuta. La pili ni uji wa jioni moja kwa wiki, ili kikundi kibaki shuleni kufanya kazi. Jioni ndiyo saa ambayo mialo nayo huwaita. La tatu ni chumba. Ukumbi wa parokia mara nyingi umefungwa katikati ya wiki, na una viti.

Mwisho wa muhula kamati iombe shule ilete vikundi vitatu au vinne viwasilishe pale ukumbini, wazazi wakiwepo, na hasa wale wanaotoka kazini machimboni wakiwa na nguo zao za kazi. Zawadi zisiwe kubwa; rula na daftari zinatosha. Wanakamati wasikae kimya kama wageni wa heshima. Wamwulize kila mtoto maswali haya, kwa upole na kwa lugha anayoiweza: Swali lako ulilipata wapi? Ulipima mara ngapi? Kuna kipimo ambacho hakikukubaliana na vingine, na ulikifanya nini? Nani mwingine anaweza kwenda kupima akapata kama wewe? Na wiki ijayo unapima nini?